Uzi: Ukurasa wa kukata tiketi ya basi kwa simu, tuupime kwa kidole gumba

Kidole_Gumba (#1)

Salaam wakuu. Uzi huu ni wa wanaotengeneza tovuti na programu za simu, pamoja na wale wanaotoa hela zitengenezwe.

Mtu akisikia ergonomia anawaza kiti cha ofisini na mgongo unaouma. Kwenye simu elimu ni ile ile: kazi ikatwe kwa kipimo cha mwili, kama fundi cherehani anavyokata nguo kwa kipimo cha mvaaji. Mwili wenyewe hapa ni kidole gumba, jicho lililo juani, na kichwa kisichoweza kushika mambo mengi kwa mpigo. Kiwango cha ISO 9241-11 kinauliza maswali matatu: mtu amefika alikokusudia? Imemgharimu muda na nguvu kiasi gani? Ameridhika? Na kinasisitiza kwamba majibu hayana maana nje ya mazingira halisi ya matumizi.

Basi tuchukue ukurasa mmoja tu tuuchambue hadi mifupa: kukata tiketi ya basi la mkoani. Chagua safari, chagua kiti, jaza jina na simu, lipa. Mazingira: stendi, jua la saa saba mchana, mkono mmoja umeshika begi. Simu ni Android ya bei nafuu, RAM GB 2, kioo chenye upana wa pikseli 360 za CSS.

Naanza na ramani ya viti, maana ndipo wengi wanapoanguka. Basi la viti viwili kwa viwili, safu 12, na benchi ya nyuma ya watu 5: jumla viti 53. Mbunifu anayefanya kazi kwenye kompyuta hulilaza basi, pua kushoto, mkia kulia. Kwenye kompyuta linapendeza. Kwenye simu, ukitoa ukingo wa pikseli 16 kila upande unabaki na 328. Gawa kwa safu 13: kila safu inapata pikseli 25, nafasi ya katikati ikiwemo. Kiti chenyewe kinabaki na kama 21. Hapo abiria akigusa C2 inachaguliwa D2.

Lisimamishe basi. Pua juu, mkia chini. Kila kiti pikseli 48 kwa 48, nafasi ya 8 kati yake. Benchi ya nyuma: 5 × 48 + 4 × 8 = 272. Inaingia kwenye 328 bila shida, na safu za mbele zinapangana nayo sawasawa kwa sababu njia ya katikati inachukua safuwima ya tatu. Urefu unafika kama pikseli 720, kwa hiyo mtu atatelezesha. Kutelezesha juu na chini hakumchoshi mtu, kukosea kiti ndiko kunakomchosha.

Karibuni, pingeni.

---

PikseliMoja (#2)

Mkuu, sipingi ila niweke jambo kwenye mizani. Mwongozo wa WCAG 2.2, ule wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, wenye ulemavu wakiwemo, uliotoka Oktoba 2023, kigezo 2.5.8 cha ngazi ya AA (A ndiyo ya chini, AAA ya juu) kinataka pikseli 24 kwa 24 tu. Tena kina msamaha: kitufe kidogo kuliko hapo kinapita iwapo duara la kipenyo cha 24 likichorwa katikati yake haligusi kitufe cha jirani wala duara lake. Ramani yako ya kulala ina umbali wa 25 kutoka kiti hadi kiti. Kwa herufi ya sheria imepita!

---

Kidole_Gumba (#3)

Imepita kwenye karatasi, stendi imefeli. AA ni sakafu. Google wanashauri dp 48 kwenye Android, Apple pointi 44 kwenye iOS, na WCAG yenyewe ina kigezo 2.5.5 cha ngazi ya AAA kinachotaka 44. Piga hesabu ya milimita: dp moja (ichukulie kama pikseli moja ya CSS) ni sehemu 1 ya 160 ya inchi, kwa hiyo dp 48 ni kama milimita 7.6. Dp 21 ni milimita 3.3. Weka kidole chako juu ya punje ya mtama uone unachobaki kukiona.

Kanuni ya Fitts ya mwaka 1954 inalieleza hili vizuri: muda wa kufikia shabaha hukua kadiri shabaha inavyokuwa mbali na kadiri inavyokuwa ndogo. Ukiwa umesimama ndani ya daladala, ongeza na mtikisiko.

Jambo ambalo watu hulisahau: kitufe kinaweza kuonekana kidogo na bado kiguswe kwa ukubwa wa kutosha. Alama ya X ya kufunga dirisha ichorwe kwa pikseli 20, lakini eneo lake la mguso lijazwe kwa padding (nafasi ya ndani isiyoonekana) hadi 48.

---

Bi_Nukta (#4)

Kaka, kwenye viti kuna rangi pia. Kijani ni wazi, nyekundu kimechukuliwa, bluu ni chako. Asiyetofautisha kijani na nyekundu ameachwa nje, na juani hata mwenye macho mazima haoni tofauti. Kilichochukuliwa kipigwe msalaba na kisigusike. Cha kwako kijazwe rangi nzito na alama ya vema. Kilicho wazi kibaki na mstari wa pembeni na namba yake. Mstari huo uwe na utofauti wa angalau 3:1 dhidi ya rangi ya nyuma, la sivyo kiti kinayeyuka kwenye weupe.

Kwa maandishi ya kawaida kiwango ni 4.5:1. Wale wa kijivu laini sikilizeni: #999999 juu ya nyeupe inatoa 2.85:1, imefeli vibaya. #777777 inatoa 4.48:1, imefeli kwa unywele. #767676 inatoa 4.54:1, imepita. Lakini kwa ukurasa utakaosomwa stendi, nendeni #444444 au nyeusi zaidi. Kijivu cha kupita kwa unywele hupimwa ofisini kwenye kivuli.

---

mdau_wa_stendi (#5)

Ramani iseme pia dereva yuko upande gani na mlango uko wapi. Abiria hachagui "B1", anachagua dirisha, mbali na jua, au karibu na mlango. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, dereva anakaa kulia na mlango uko kushoto. Rwanda na Burundi wanaendesha kulia. Basi la Kampala kwenda Kigali lina mlango wapi? Inategemea gari lenyewe. Kwa hiyo upande wa mlango uwe kwenye rekodi ya kila basi, msiuandike moja kwa moja ndani ya msimbo wa programu.

---

Nairobi_Kodi (#6)

Wadau, mmeruka hatua ya kwanza, ile ya kuchagua safari. Hapo kuna mtego wa saa.

Mfumo unaandika "18:00". Mama anayesoma anajua gari la saa kumi na mbili jioni. Tofauti ya saa sita tumeizoea mdomoni, lakini kichwa kinapaswa kuibadili kila mara, na ukiwa na haraka unakosea. Kibaya zaidi ni "6:00" tupu bila neno lolote. Huyu ataisoma saa kumi na mbili asubuhi, yule saa sita mchana. Andikeni zote mbili kwenye mstari mmoja: "Saa 12:00 asubuhi (06:00)".

Halafu usiku. Gari linaloondoka saa 7 usiku, kwa kalenda ya mfumo ni siku ya pili yake, kwa mdomo wa watu bado ni usiku wa jana. Abiria wa "Jumanne saa 7 usiku" anaweza kufika stendi saa 24 kabla au baada ya gari. Lugha yetu ina dawa yake tayari: "usiku wa kuamkia Jumatano 15 Julai, saa 7:00 (01:00)". Ni ndefu, ndiyo. Iacheni iwe ndefu.

Na msiweke kile kisaa cha kuzungusha cha kuchagulia muda. Gari linaondoka mara nne kwa siku, wekeni mistari minne.

---

PikseliMoja (#7)

+1 kwa "usiku wa kuamkia".

Kwenye orodha hiyo hiyo, ubaya mwingine: tangazo la ofa linachelewa kupakia, likifika linasukuma orodha chini, na kidole kilichokuwa kinashukia gari la asubuhi kinagusa la jioni. Kipimo chake kwa Google kinaitwa CLS, na kinatakiwa kisizidi 0.1. Chanzo karibu kila mara ni picha isiyo na width na height kwenye HTML, au kisanduku cha tangazo kisichotengewa kimo. Tengeni nafasi mapema hata kama tangazo halijafika. Kipimo cha pili ni INP: tangu mtu aguse hadi kioo kibadilike, milisekunde 200 au pungufu. Kwenye simu ya GB 2 kinachokiua ni JavaScript nyingi inayoendeshwa kila kiti kinapoguswa. Ukigusa kiti kimoja usichore upya vyote 53.

---

Mwalimu_wa_Fomu (#8)

Nimeona mmefika kwenye fomu bila mwenyewe. Hapa ndipo tovuti nyingi zinafukuza wateja, kwa hiyo mnivumilie kwa urefu.

Namba ya simu. Tumieni type="tel" na autocomplete="tel". Msitumie type="number": sifuri ya mbele inaweza kupotea mnapoigeuza kuwa tarakimu, na kwenye kompyuta gurudumu la kipanya linabadilisha namba kimya kimya. Pokeeni 07…, 06…, 255…, +255…, yenye nafasi na yenye vistari. Kusafisha ni kazi ya mashine. Kanuni inayokubali 07 peke yake inakataa wateja halali: Tanzania kuna 06, Kenya kuna 01.

Halafu ile "akili" ya kubahatisha mtandao kwa tarakimu za mwanzo, iondoeni. Kuhama mtandao na namba yako kunaruhusiwa Kenya tangu 2011 na Tanzania tangu 2017. Namba imehama, ombi la malipo linakwenda mtandao wa zamani, abiria anasubiri ujumbe usiokuja. Mkitaka kupendekeza pendekezeni, lakini mtumiaji aweze kubadilisha kwa mguso mmoja.

Jina. Kisanduku kimoja: "Jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho". Mambo ya jina la kwanza, la kati na la ukoo yanamlazimisha mtu wa majina mawili abuni la tatu. Kanuni ya herufi A hadi Z peke yake inamkataa Ng'wandu na Ng'ang'a. Ruhusuni alama ya ritifaa, na zote mbili: iliyonyooka na iliyopinda, kwa sababu kibodi za simu nyingine zinaipinda zenyewe. autocapitalize="words" itawapa herufi kubwa bila kumsumbua mtu.

Ukubwa wa herufi ndani ya kisanduku usishuke chini ya pikseli 16. Kivinjari cha iPhone kiitwacho Safari kikikuta ndogo kuliko hapo kinavuta ukurasa mzima karibu, mtu anabaki anahangaika kuurudisha. Dawa ni kuongeza herufi. Kuzuia kuvuta kwa user-scalable=no ni kumnyima mwenye macho hafifu miwani yake.

Lebo ikae juu ya kisanduku, na idumu. Maandishi hafifu ya ndani yanayopotea ukianza kuandika hayafai kuwa lebo: mtu akipigiwa simu katikati, akirudi hajui kisanduku kipi ni cha nini.

Makosa: msikague kila herufi inapobonyezwa. Mtu ameandika "07" tu, tayari mnampigia kelele nyekundu "namba si sahihi". Subirini atoke kwenye kisanduku. Ujumbe ukae chini ya kisanduku chenyewe, uunganishwe nacho kwa aria-describedby (sifa ya HTML ya kuwasaidia wasioona), na useme la kufanya: "Namba ina tarakimu 9, inatakiwa 10 ikianza na 0." Na msifute alichoandika. Kamwe.

---

fundi_mdogo (#9)

Mwalimu, swali. Fomu yangu ni nyingine, inataka namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Nigawe visanduku vinne?

---

Mwalimu_wa_Fomu (#10)

Usigawe, mdogo wangu. Tarakimu ni 20, mpangilio 8-5-5-2. Visanduku vinne vinavunja kubandika, vinavunja kurudi nyuma kufuta, na msomaji wa skrini (programu inayomsomea asiyeona) anatangaza vitu vinne visivyo na jina. Weka kimoja, inputmode="numeric", vistari vijitokeze vyenyewe mtu anapoandika ili jicho lihakiki kwa mafungu. Na ole wako uweke maxlength="20": mtu akibandika yenye vistari ni herufi 23, tatu za mwisho zinakatwa, halafu unamwambia kakosea.

---

mdau_wa_stendi (#11)

Kitufe cha kuendelea kikae wapi? Wengine wanasema chini kabisa kwa sababu ya kidole gumba, kuna ile michoro ya kioo yenye kijani pale kidole kinapofika kirahisi na nyekundu pale kisipofika.

---

Kidole_Gumba (#12)

Michoro ile imekuzwa kupita data. Steven Hoober, mtafiti wa matumizi ya simu, mwaka 2013 alichapisha uchunguzi wa watu 1,333 mitaani: kati ya waliokuwa wakigusa kioo, 49% walishika kwa mkono mmoja, 36% waliikumbatia kwa mkono mmoja na kugusa kwa mwingine, 15% mikono miwili. Na mtu huyo huyo hubadili mshiko kila baada ya muda. Baadaye Hoober mwenyewe akaandika kwamba watu hupendelea kugusa katikati ya kioo, na ndipo wanapolenga vizuri zaidi.

Kwa hiyo: viti na safari katikati, kitufe kikuu kibandikwe chini, kwa upana wote, kimo kisipungue 48. Kiinuliwe kwa env(safe-area-inset-bottom) kisigongane na mstari wa ishara wa simu. Msiweke menyu ya kuvuta kutoka pembeni, maana kwenye Android ya sasa kuvuta kutoka pembeni ni kurudi nyuma. Mtu anataka menyu, anajikuta nje ya ukurasa.

---

Bi_Nukta (#13)

Na kitufe kiandikweje? "Wasilisha" ni neno la barua ya ofisini. Andikeni tendo na kiasi: "Lipa TSh 45,000". Mtu anajua kinachofuata kabla hajagusa.

Hatari kubwa iko kwenye kufuta. Dirisha linauliza "Unataka kughairi safari?" na vitufe ni "Ghairi" na "Sawa". Ghairi ipi, safari au swali? Andikeni "Futa tiketi" na "Bakiza tiketi", na kile cha kufuta kisikae pale pale kilipokuwa kitufe alichogusa hatua iliyopita. Kidole kina mazoea.

Kimo cha kitufe kiwe min-height (kimo cha chini kinachoweza kukua), kisifungwe kwa height. Kiswahili kina maneno marefu: kitufe kilichopimwa kwa "OK" kikipewa "Thibitisha malipo" kinavimba mistari miwili. Mtumiaji akiongeza herufi za simu hadi 200%, jambo ambalo Android 14 inaruhusu, maandishi yanakatwa katikati. Wekeni pia lang="sw" kwenye HTML. Bila hiyo msomaji wa skrini anaweza kuisoma "tiketi zangu" kwa lafudhi ya Kiingereza.

---

Nairobi_Kodi (#14)

Sasa malipo. Mtu anagusa Lipa, ombi la namba ya siri linatokea juu ya kioo. Anaweka PIN, ujumbe wa muamala unaingia, anafungua ujumbe, anarudi kwenye kivinjari. Kwenye simu ya GB 2 kivinjari kimeshauawa nyuma ya pazia. Ukurasa unapakia upya, tupu. Pesa imetoka, kiti hakionekani. Afanye nini? Analipa tena.

Marekebisho ni manne. Namba ya kumbukumbu ya oda ikae kwenye URL tangu kiti kinaposhikwa, ili kupakia upya kumrudishe pale pale. Ukurasa uulize seva kila sekunde 3 hadi 5, usisubiri mtu abonyeze "nimelipa". Kila ombi la malipo liwe na ufunguo wake wa pekee ili kugusa mara mbili kuzae malipo mamoja. Na andikeni kinachoendelea kwa maneno: "Tumetuma ombi kwenye 0712 *** 678. Weka namba ya siri kwenye ujumbe utakaotokea." Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi, aliweka mipaka ya subira: sekunde 0.1 mtu anaona jambo limetokea papo hapo, sekunde 1 fikra haijakatika, sekunde 10 umakini umeondoka. Malipo ya simu yanapita 10, ndiyo maana gurudumu linalozunguka bila neno halitoshi.

Na PIN isiombwe kwenye tovuti yenu, hata kwa mzaha.

---

PikseliMoja (#15)

Saa ya kuhesabu kurudi nyuma, "kiti kinashikiliwa dakika 10", mnaionaje? Kwangu inatia presha tu.

---

Nairobi_Kodi (#16)

Ibaki, kwa sababu kiti hakiwezi kushikwa milele, ila iandikwe kwa saa kamili pia: "hadi saa 10:42 jioni (16:42)". Mtu akitoka kwenye ukurasa anajua muda wake. Kigezo 2.2.1 cha WCAG kina njia kadhaa, mojawapo ni aonywe kabla, apewe angalau sekunde 20 za kuongeza muda kwa tendo rahisi, na aweze kuongeza angalau mara kumi. Kuna msamaha pale ambapo kuongeza muda kungeharibu kazi yenyewe. Mimi ningempa nyongeza, na pale tu ombi la malipo lilipokwisha kutumwa saa isimame.

---

fundi_mdogo (#17)

Nitapimaje kama imekaa sawa? Sina maabara.

---

Kidole_Gumba (#18)

Watu watano wanatosha kwa duru ya kwanza, wasiwe wafanyakazi wenzako. Rekebisha, kisha watano wengine. Kazi moja ya kweli: "Kata tiketi mbili za Dodoma, Ijumaa asubuhi, viti vya pamoja." Nje, mchana, simu ya bei nafuu, bando la kawaida badala ya Wi-Fi. Wewe funga mdomo. Andika: amemaliza au la, dakika ngapi, amekosea kugusa mara ngapi, amesita wapi. Kigezo cha "amesita" ndicho chenye dhahabu.

Mwisho wape SUS, dodoso la sentensi 10 alilotunga John Brooke mwaka 1986, majibu 1 hadi 5. Sentensi za witiri (1, 3, 5, 7, 9): jibu toa 1. Za shufwa (2, 4, 6, 8, 10): 5 toa jibu. Jumlisha, zidisha kwa 2.5. Mfano majibu 4,2,4,3,3,2,4,2,4,3: witiri zinatoa 14, shufwa 13, jumla 27, alama 67.5. Wastani unaotajwa sana ni 68, na hiyo si asilimia. Angalizo: sentensi za shufwa ni za kulaumu, na kwenye tafsiri watu hujisahau wakajibu kama za kusifu. Wasomee kwa sauti.

---

mdau_wa_stendi (#19)

La mwisho kwangu: tiketi yenyewe. Wengi wanategemea picha ya QR kwenye ukurasa. Asubuhi bando limeisha, ukurasa haufunguki, kondakta anasubiri. Tumeni SMS pia.

---

Mwalimu_wa_Fomu (#20)

Sahihi kabisa, na iingie kwenye SMS moja ya herufi 160:

"TIKETI K7M4Q2. Dar-Mwanza, Jumatano 15/07 saa 12:00 asubuhi (06:00). Kiti B3. Fika saa 11:30 (05:30)."

Namba ya tiketi isiwe na 0 na O, wala 1, I na L, maana itasomwa kwa mdomo mlangoni. Na mkiweka jina la abiria, ile ritifaa iliyopinda niliyosema mwipokee, igeuzeni iliyonyooka kabla ya kutuma. Ikipita ilivyo, ujumbe mzima unahama kutoka GSM-7 kwenda UCS-2 (mifumo miwili ya kuhifadhi herufi za SMS), nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70, na kila Ng'wandu anawagharimu SMS mbili.